Ua la Baba Kwenye Uzio

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imekuja bila hodi ikanikuta na nguo zote kambani. Shangazi alikuwa barazani, amekaa anazitazama zikilowa. Nilipomuuliza kwa nini hakuzianua akanijibu, "Nilidhani unazisuuza." Huyu ni dada yake Baba, anakaa nasi tangu Mama afariki. Magoti yake yamezeeka, masikio yamezeeka, ulimi bado kigori.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimesahihisha mitihani ya baiolojia ya kidato cha pili. Mmoja ameandika kwamba mzizi ni shina linaloona haya. Nimempa nusu alama kwa kunichekesha.

Jumapili, 9 Machi

Baba ameanza. Kila mwaka mvua zikishika lazima aulize, "Uzioni kumeota nini?" Macho yake yameliwa na presha ya macho, anaona mwanga na kivuli tu, kwa hiyo macho ni mimi. Nikaenda kusimama kwenye uzio wa waya unaotutenga na karakana ya Cheche, jirani yetu mchomeleaji, nikaanza kuita mimea kama ninavyoita majina ya wanafunzi.

"Boga pori. Nyasi. Kitu chenye miba. Kiatu cha mtu."

"Kinachoparamia?"

"Kipo kimoja, kichanga bado."

"Majani?"

"Matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Kama ya maharage."

Kidole chake gumba kikawa kinasugua cha shahada. Najua alichokuwa anawaza. Nitakiandika kisa hiki mara moja, kisha nisikirudie, maana humu ndani tumekila asubuhi na jioni.

Baba alikuwa mkusanyaji wa mimea katika jumba la makumbusho. Kazi yake ilikuwa kuzunguka porini, kuchuma mmea, kuubana kati ya karatasi mpaka ukauke, kuushikiza kwa gundi kwenye karatasi ngumu, kisha kuutambua. Nikiwa darasa la tatu alirudi kutoka mtoni na mmea wa jamii ya kunde ambao hakuna kitabu kilichokuwa nao: majani matatu mapana yenye vinyweleo, na ua la zambarau lenye jicho la njano. Alisema ni mmea wa hapa hapa kwetu, haujawahi kupewa jina, na jina atakaloupa ni la Mama. Mwenzake wa meza moja, rafiki yake wa chanda na pete, mtu asiyelala bila lenzi shingoni hata tukamwita Bwana Lenzi, aliuchunguza akasema majani ni ya mmea mmoja unaojulikana, ua ni la mwingine unaojulikana, na kati ya ua na shina hakuna kitu ila gundi. Baba alijitetea kwamba vikonyo vya maua vilikatika wakati wa kukauka. Hakusikilizwa. Wakamwita mghushi, wakamfukuza kazi. Alipokwenda mtoni kuutafuta tena alikuta watu wa mchanga wameshachimba ukingo wote.

Kila mmea unaoparamia uzio wetu, basi, Baba anauuliza habari. Anataka ua moja tu kabla hajafa, ili asizikwe na lile neno. Mimi nimesomea baiolojia, na niseme kweli humu ambamo hasomi mtu: sijawahi kuwa na hakika naye.

Ijumaa, 14 Machi

Cheche anasema nguzo za uzio zimelala, atachimbia mpya mvua ikipumua. Nimemwambia achimbie hata kesho.

Jumatano, 19 Machi

Viwavi wameingia uzioni. Wanakula kama waliotumwa. Cha ajabu wanachagua: majani mengine wameyamaliza yote, mengine yaliyo pale pale hawajayagusa hata kwa kuonja.

Jumanne, 25 Machi

Leo herufi zinapinda.

Nilitoka kumwaga maji ya vyombo. Ua lilikuwa usawa wa uso wangu. La zambarau, petali moja pana imesimama nyuma kama ukosi wa shati, mbili ndogo ubavuni, mbili za chini zimefumbana kama viganja, na katikati jicho la njano. Kando yake majani matatu mapana, yana vinyweleo. Beseni liliniponyoka. Nilibaki matopeni mdomo wazi, kwa sababu ua hili nimelijua tangu utotoni kwa maneno matupu, na sikutarajia hata siku moja kwamba maneno ya Baba yangeweza kuota.

Nilimkuta anasikiliza redio.

"Baba, limechanua."

"Nini?"

"La kwako."

Akaizima redio. Hakufurahi, hakuruka, alianza kunihoji kama mtahini mkorofi. Petali ngapi? Jicho ni la njano au la maziwa? Vinyweleo viko juu ya jani au chini? Nilikwenda uzioni na kurudi mpaka nikachoka. Mwishowe akaniambia, "Nishike mwanangu, nisianguke," na hali alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani. Nikamshika.

Shangazi alipoambiwa alipiga kigelegele cha kuwaamsha wafu, kisha akaketi chini ghafla akalia. Kumbe naye hakuwa na hakika.

Alhamisi, 27 Machi

Nimepiga simu makumbusho. Nilidhani nitazungushwa kutoka ofisi hii mpaka ile, lakini aliyepokea ni mzee, akanisikiliza bila kunikatiza, nilipomaliza akauliza jina la baba yangu. Nikalitaja.

"Binti yangu," akasema, "mimi ndiye."

Bwana Lenzi alistaafu zamani, ila bado huenda pale kusaidia wanaoanza kazi. Nilikuwa na maneno ya kumwambia niliyoyatunza tangu utoto, nikakosa hata moja. Akasema usiukate, usiubane, nakuja mwenyewe Jumamosi ya wiki ijayo, barabara ikipitika.

Nimemwambia Baba. Amesema, "Aje." Neno moja, kama mtu anayefunga mlango.

Jumapili, 30 Machi

Maua sasa ni saba au nane. Baba ameomba nimpigie pasi koti lake la kazini. Lina harufu ya kabati na linampwaya mabegani. Shangazi anafanya mazoezi ya matusi jikoni, anayapanga kuanzia dogo kwenda kubwa. Nimemwomba asianze na la ukoo.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Baba amekuwa mwingine. Anaimba bafuni! Ananisimulia Mama alivyokuwa akimsaidia kubana mimea kwa kuikalia. Nimeishi na mtu huyu maisha yangu yote nikidhani ni mkali, kumbe alikuwa anasubiri.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimerudi kutoka shule nikakuta Cheche amechimbia nguzo mbili. Nilipiga ukelele, akadhani kuna nyoka.

"Mwalimu, samahani, mimi nilidhani siku yoyote ni ruhusa! Nimekata kishina kimoja tu pale chini, kilinizibia shimo. Huko juu sijagusa, tazama, maua yako yote yapo."

Nimetazama, kweli yapo. Nimemtaka radhi kwa ukelele.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, chai imepoa, sijui nifanye nini.

Nilikwenda uzioni kabla ya kwenda shule. Majani yote yenye vinyweleo yamenyauka. Yananing'inia kama matambara, kutoka chini mpaka juu. Maua yamesimama wima, mabichi, yana umande. Kwenye mmea huo huo mmoja! Nilifikicha macho. Mmea uliokatwa hauwezi kufa majani ukabakiza maua, hilo namfundisha mtoto wa kidato cha kwanza. Nikashika kikonyo cha ua nikakifuata taratibu kwa kidole, nikizunguka nacho kila kilipozunguka, mpaka ardhini. Kina shina lake. Jembamba, laini, halina unywele hata mmoja, limejisokota ndani ya lile nene kama uzi kwenye kamba, na majani yake yenyewe ndiyo yaliyoliwa na viwavi, vimebaki vikonyo vitupu. Sentimita chache pembeni kuna kisiki cha lile alilokata Cheche.

Ni mimea miwili.

Nilikaa pale pale kwenye tope, na nguo zangu za kazini. Bwana Lenzi alisema kweli: majani ya mmoja, ua la mwingine. Na Baba alisema kweli: hakubandika kitu. Alichuma mtoni alichokiona, kama nilivyokiona mimi kwa siku kumi na macho yangu mazima, na cheti changu ukutani. Kwa hiyo Baba si mwongo. Na mmea wake haupo, haujawahi kuwepo duniani.

Shangazi alinikuta nikamweleza. Alisikiliza, kisha akatazama kushoto na kulia kama mwizi.

"Yang'oe hayo makavu."

"Shangazi!"

"Funika kombe mwanaharamu apite. Yang'oe, mzee wa watu aonyeshwe ua lake, afe na raha zake. Nani atajua?"

"Bwana Lenzi atajua kwa dakika moja. Na hapo ndipo tutakuwa tumeghushi kweli."

"Basi mwambie babako."

Nimekwenda chumbani mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anajinyoa kwa kupapasa. Ya pili alikuwa anajaribu koti. Ya tatu alinisikia mlangoni akasema, "Mwanangu, kesho nitamwita jina lake la ujana. Asipate kusema nilikuwa na kinyongo." Nikafunga mlango.

Jumamosi, 5 Aprili

Alifika saa nne, kwa miguu kutoka barabara kuu, suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi. Nilikuwa nimemchora moyoni jitu. Ni kizee kidogo chenye kikohozi, lenzi shingoni. Shangazi alifungua mlango na orodha yake yote mdomoni, akamtazama yale matope, akasema, "Karibu, kuna maji ya kunawa miguu." Alijishangaa mwenyewe.

Baba alikuwa ameshaketi kwenye kiti karibu na uzio, koti limefungwa vifungo vyote. Akamwita kwa jina ambalo sijawahi kulisikia. Bwana Lenzi akashtuka kama aliyechomwa sindano, akaitika. Wakashikana mikono kwa muda. Kisha Baba akasema, "Haya. Kazi kwanza."

Bwana Lenzi akageukia uzio. Nilimwona alivyoyatazama yale majani makavu, akatazama maua, akanigeukia mimi. Niliinamisha uso. Alipiga magoti topeni, akafanya nilivyofanya mimi, kidole chake kikazunguka, kikazunguka, mpaka chini. Akagusa kisiki. Akabaki vile vile ameinama, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani ni kikohozi.

"Umeona nini?" Baba akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kijana. "Sema, bwana. Umeona nini?"

"Uliniomba twende mtoni," Bwana Lenzi akasema. "Unakumbuka? Uliniomba, nikasema nina kazi nyingi, nikahukumu mezani."

"Nakumbuka."

"Ningekuja, ningekiona hiki. Ni mimea miwili, rafiki yangu. Imesokotana, huu mwembamba umebaki hauna majani, mtu yeyote angekosea. Hukubandika kitu. Nimekuita mwongo maisha yangu yote, na hukubandika kitu."

Uso wa Baba ulibaki pale pale ulipokuwa, ila rangi ilimtoka, nilimwona kwa macho yangu rangi ikimtoka.

"Miwili?"

Akanyoosha mkono hewani. Nilimpeleka mpaka uzioni, nikamwekea vidole kwenye mashina. Havikukawia hata kidogo. Kidole kimoja kikasimama juu ya lile nene, kingine juu ya lile jembamba. "Huu una nywele," akasema polepole. "Huu hauna." Kwa mguso mmoja, mtu asiyeona, alitambua nilichokosa mimi, alichokosa yeye mwenyewe alipokuwa na macho ya tai.

Bwana Lenzi alikuwa bado magotini. "Nisamehe. Jina lako nitalisafisha, nitaandika, nitasimama mbele ya kila mtu."

"Jina," Baba akasema. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyotoka, maana bado yananigonga kichwani. "Miaka yote hii nilikuwa na jambo moja tu mkononi. Nilijua sikudanganya. Na kama sikudanganya, basi ua lipo. Mliniita mwongo, sawa, lakini mwongo alikuwa na ua lake. Leo umekuja kunirudishia jina, umeondoka na ua la mke wangu."

Alikataa mkono wangu. Aliingia ndani peke yake, akipapasa ukuta, koti limefungwa vifungo vyote.

Jumapili, 6 Aprili

Hajala.

Jumatatu, 7 Aprili

Amekunywa uji. Hajasema.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilikuwa na hakika kwamba Baba anataka jina lake. Ningeapa hivyo. Sikuwahi kufikiri kwamba jina alishalizika siku nyingi, na kwamba alichokuwa anauliza kila mvua ikinyesha, "Uzioni kumeota nini," ilikuwa ni habari za Mama. Nimeishi naye nyumba moja. Nimeshangaa mpaka nimejionea aibu.

Cheche amekuja kuomba msamaha, amekuta wote tumenuna, ameacha bawaba mpya ya mlango akakimbia.

Jumamosi, 12 Aprili

Bwana Lenzi amerudi, bila kualikwa. Ameleta nakala ya barua aliyoiandikia makumbusho, nikaisoma kwa sauti mlangoni kwa Baba. Baba akageukia ukutani. Yule mzee akakaa barazani mpaka saa saba, akaaga, akaenda zake kwenye mvua.

Jumamosi, 19 Aprili

Amerudi tena. Shangazi amempa chai na mkate. Nikamuuliza matusi yamekwenda wapi. "Nampa nguvu kwanza," akasema, "asije akazimia katikati."

Jumatano, 23 Aprili

Baba amesema leo! Amesema supu haina chumvi.

Jumamosi, 26 Aprili

Bwana Lenzi na mafua yake. Nilimwambia waziwazi kwamba Baba hatatoka. Akasema, "Mimi sikwenda aliponiita. Acha nije asiponiita." Nilimchukia mtu huyu tangu darasa la tatu, na leo nilimletea shuka la kujifunika miguu.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua zinaisha, ni manyunyu tu. Maua yameshapukutika, na kwenye ule mwembamba kuna maganda marefu ya rangi ya kahawia. Ule mnene umechipua upya kwenye kisiki.

Asubuhi Baba aliniita akaniambia nichume yote miwili, kila mmoja na shina lake, majani na maganda. Nilipoleta alivipapasa kimoja kimoja juu ya meza, akavitenga bila kukosea. Akaomba karatasi ngumu mbili. Akaomba gundi. Neno hilo halijatamkwa na kinywa chake humu ndani tangu nipate akili, nikasimama kama niliyepigwa kofi. "Gundi," akarudia. "Mimea haijishiki yenyewe." Alinifundisha mahali pa kuweka kila tone, mimi nikiwa macho na yeye mikono, na alipomaliza alikaa akipumua kama mtu aliyepanda mlima. Mmoja una jina la zamani, na mwingine una jina la zamani. Hakuna wa Mama.

Barazani tulisikia kikohozi.

"Yupo?" Baba akauliza.

"Yupo. Hajakosa wiki hata moja."

Alipapasa ukingo wa zile karatasi. Kisha akasema, "Mwambie gundi nimemsamehe. Miaka bado."

Nilisimama mlangoni nikayasema kama nilivyopewa, bila kuongeza sukari. Bwana Lenzi aliyasikiliza kichwa kimeinama. Alilia bila kujificha, mzee mzima, kikombe mkononi, na mimi sikujua nitazame wapi. Shangazi alinyoosha mkono akamshikia kikombe kisimwagike.